Wazee Walioachwa Kisiwani

Habari za Malta zilinifikia zikiwa zimelowa mafuta.

Wakati ule tulikuwa tunakaa Mweso, koko wangu na mimi, katika kambi iliyo juu ya barabara. Koko ni mama wa baba yangu, na njo yeye alinilea. Tulikuwa tumekimbia vita kutoka kilima chetu cha Masisi, mashariki ya Kongo, mwendo wa siku moja kwa miguu kama mtu hana mzigo, siku mbili kama yuko na koko. Hiyo hesabu ni yake mwenyewe. Aliifanya njiani, amekaa juu ya jiwe, anapumua. Mimi nilikuwa nimefika mwaka wa pili wa sekondari. Sikufukuzwa wala sikushindwa. Shule yenyewe ilikimbia, na wa kwanza kukimbia alikuwa prefe, mkuu wa shule mwenyewe.

Karibu na njia ya kupandia hospitali kulikuwa na mama mmoja aliyeuza mandazi asubuhi. Aliyafungia katika kurasa za kitabu kinene cha Kifaransa, alichokipata pamoja na vitu vingine vya shule moja iliyofungwa. Watu walikula na kutupa karatasi. Mimi nilikula polepole huku nasoma, halafu nilikwenda kuanika karatasi yangu juu ya hema, na kijiwe juu yake, mpaka mafuta yapungue. Kilikuwa kitabu cha historia ya kisiwa kimoja kidogo, kwenye bahari ile iliyo kati ya Afrika na Ulaya. Kila mwenye meli kubwa aliyepita pale alikitaka.

Shida ni kwamba mama wa mandazi hakuchana kwa mpangilio. Alichana pale mkono wake ulipoangukia. Kwa hiyo nilijua namna Waingereza walivyoondoka kabla sijajua kama waliwahi kufika. Nilijua hospitali kubwa ya watawa wenye panga, nikakaa wiki nzima bila kujua watawa na panga wapi na wapi. Siku moja nikajipa moyo.

"Mama, niuzie buku yote."

"Na mandazi nitafungia mu nini? Mu mukono yako?"

"Nitakuletea majani ya mugomba."

"Majani ya mugomba njo ya kule kwenu mu milima. Hapa tuko santre, mu muji."

Nilirudi hemani nikatoa madaftari yangu ya shule. Nilikuwa nimeyabeba siku tuliyokimbia, badala ya sufuria, na Koko alikuwa bado hajanisamehe kwa sababu ya ile sufuria. Niliyapeleka kwa mama wa mandazi. Tulipatana karatasi kwa karatasi: yeye achane aljebra yangu, mimi nipewe Malta. Aliyapekua, akanusa wino, akasema sawa, lakini zile kurasa ambazo watu walikwisha kula nazo, hizo nisimuulize.

Basi ikawa masomo yangu njo yanafunga mandazi ya Mweso. Motari mmoja, kijana wa kubeba watu kwa pikipiki, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka, alinitania mwezi mzima.

"Dada, huyu mutu aliandika Fleuve Congo, ule muto mukubwa, inaanzia Kinshasa, njo wewe?"

"Nilikuwa mutoto."

"Mwalimu aliweka sifuri na wino nyekundu. Nakula mandazi na sifuri ndani."

"Kula basi, inyamaze."

"Nitakula. Lakini nikipotea njia leo, njo wewe."

Nilicheka. Nilikuwa mtu wa kucheka sana. Nilikuwa nimeamua kwamba siku moja nitakwenda kukiona kile kisiwa, nitasimama kwenye ukuta wake wa mawe na kuwaambia watu wa pale kwamba ninawajua tangu zamani, tangu Mweso.

Saa za alasiri, mvua ikiisha kupita, Koko alikaa mlangoni mwa hema akichambua maharagi, na mimi nilimsomea. Hapa lazima nieleze maharagi yenyewe.

Kule kwetu hakuna mwanamke anayepanda aina moja ya maharagi. Kila mmoja yuko na mchanganyiko wake, aliopewa na mama yake na kuongezea mwenyewe, mekundu kiasi hiki, ya manjano kiasi kile. Ukitandaza maharagi juu ya mkeka, wanawake wa kilima watakuambia yametoka nyumba gani, kama vile mwalimu anavyojua mwandiko bila kuangalia jina. Mchanganyiko wa Koko ulikuwa na mekundu makubwa, ya manjano, meupe machache, yenye mistari ya zambarau. Na ndani yake kulikuwa na maharagi madogo meusi yenye alama nyeupe mdomoni, kama mtoto aliyekunywa maziwa. Hayo aliyaita ya mama. Mama yake alikuja nayo siku ya kuolewa. Ya mama hayauzwi. Kabla ya kumpimia mtu kopo moja la maharagi, Koko aliyachagua yote, moja moja, hata mnunuzi akasirike na kuondoka. Hayapikwi pia, isipokuwa siku ya kumaliza kupanda, na hapo kila mtu anapata mawili matatu. Siku tuliyokimbia alifunga mbegu zake katika kipande cha kitenge, akakifunga tumboni chini ya nguo, na njiani waliotusimamisha walidhani ni mzee mwenye ugonjwa wa tumbo.

Kwa hiyo yeye alichambua, mimi nilisoma Kifaransa kimoyomoyo na kumtolea Kiswahili kwa sauti. Kisiwa alikijua. Kanisani alikwisha kusikia habari ya mtume aliyevunjikiwa meli, akafika kisiwani, nyoka akamwuma mkono na hakufa. "Kumbe pale njo Malta," alisema, na tangu siku hiyo alikisikiliza kama habari ya jirani.

Nilimsomea watu wa kwanza, waliojenga nyumba za mawe makubwa kuliko ng'ombe, halafu wakapotea bila kuacha hata jina. Nilimsomea wafanyabiashara wa baharini, halafu watu wa Kartago, halafu Warumi. Nilimsomea Waarabu, ambao walikaa, wakatawala, wakaondoka, lakini lugha yao ikabaki midomoni mwa watu, na mpaka leo wale Wakristo wanamwita Mungu kwa neno la wale waliofukuzwa. Wakafuata wafalme wa upande wa kaskazini, mmoja akimrithisha mwingine kama shamba. Halafu mfalme mmoja wa Hispania akawapa watawa wenye panga kile kisiwa, na watu wake wote. Walichotakiwa kumrudishia ni ndege mmoja wa kuwinda, kila mwaka ndege mmoja.

Koko aliacha kuchambua.

"Ndege moja?"

"Moja, Koko. Ya kuwindia."

"Kisiwa na batu yake yote, kwa ndege moja." Alitikisa kichwa. "Sisi walau bale ba kwanza bakula kuku kumi na mbili."

Lazima mjue kwamba Koko hakuyashika majina ya wale waliotawala kilima chetu. Makundi yote yalikuja na herufi zao, herufi tatu, herufi nne, na yalipogawanyika herufi ziliongezeka. Yeye aliwaita kwa kile walichokula. Kulikuwa na ba kuku. Kulikuwa na ba mbuzi, waliofukuza ba kuku. Kulikuwa na ba maharagi mabichi, ambao hawakungoja hata tuvune. Kabla yao wote, katika utoto wake, kulikuwa na mwami, mtawala wa jadi, na watu wake, na wazungu waliotwaa vilele vya vilima kwa ng'ombe wao. Halafu kulikuwa na miaka ya serikali ya kuimba na kucheza, ambayo Jumamosi kila mtu alitoka na jembe kwa salongo, kazi ya lazima, kulima njia ya gari, na gari halikuja. Akimaliza kuwahesabu alisema, "Na mimi niko." Hakusema kwa kujisifu. Alisema kama mtu anayejibu anapoitwa kwenye orodha.

Jambo moja lilimsumbua katika kitabu changu. Kila nilipomaliza ukurasa aliuliza, "Na batu?"

"Batu gani, Koko?"

"Ba pale. Wakati bale bakubwa bako napigana, batu bako nafanya nini?"

Kitabu hakikusema. Kilisema nani alifika, nani alijenga ukuta, nani alikufa na nani alimrithi. Kuhusu watu kilisema mstari mmoja hapa na pale, kwamba udongo ulikuwa mchache, kwamba waliuzungushia mawe usiondoke na mvua. Mara ya kwanza nilimjibu Koko kwamba kitabu hakisemi, akasikitika. Mara ya pili nikamwambia, "Wako nalima." Akaridhika. Mara ya tatu niliongeza kwamba wanawake walikuwa wanapanda maharagi kati ya mawe. Alipenda sana. Aliuliza ya rangi gani.

Ndivyo nilivyozoea. Haikuwa uongo mkubwa, nilijiambia. Nani alilima Malta kama si watu wake?

Siku ya kisiwa kidogo ilikuwa siku ya mawingu, mwezi wa nane ukielekea kuisha. Ule ukurasa sikuupata kwa kubadilishana. Ulinifikia na andazi, na sehemu ya chini mama alikuwa ameichana kumfungia mtu mwingine. Ulisema kwamba ubavuni mwa Malta kuna kisiwa kingine, kidogo zaidi, jina lake Gozo. Mwaka mmoja meli za Waturuki zilikuja. Watu wote waliingia katika ngome iliyo juu ya kilima, na ngome ikaanguka. Walikamatwa wote, wanaume, wanawake, watoto, wakapakizwa melini kwenda kuwa watumwa ng'ambo. Waliachwa wazee wachache tu, wale ambao hakuna mtu angewanunua. Wazee hao waliachwa

na hapo karatasi ikakatika.

Koko alikuwa ameshika haragi moja kati ya vidole viwili.

"Soma mbele."

Niliangalia ule mkato. Niliangalia uso wake. Kwa wiki tatu alikuwa hali chakula vizuri, alikuwa anageuza uso upande wa kilima chetu, ambacho hakionekani kutoka Mweso lakini yeye alisema mawingu yake anayajua. Ningesema karatasi imekatika. Lilikuwa jambo rahisi.

"Bale bazee babakia," nilisema, macho kwenye karatasi kama mtu anayesoma. "Waturuki habakurudi tena kwa sababu ya bazee. Bakakaa kwa amani. Bakafungua manyumba yote, bakalima, bakapanda. Na kisha miaka, batoto yabo batoroka kule utumwani, barudia, bakuta mashamba iko na chakula, na moto iko nawaka."

Koko aliweka lile haragi kwenye kitenge.

"Soma tena."

Nilisoma tena. Kesho yake aliniomba tena, na keshokutwa. Sikukosea hata neno, kwa sababu uongo wangu niliupenda.

Wiki ya pili ya mwezi wa tisa, mvua za kupandia zimeanza, aliniambia anarudi. Alisema kwa sauti ya kawaida, akiwa anafunga kitambaa kichwani.

"Koko, kule kungali na baaskari."

"Kuko siku zote."

"Banaweza kukufanya mubaya."

"Mimi? Banitwae baniuzishe wapi?" Akacheka, na meno yake mawili ya chini yakaonekana. "Bazee habakamatwake, mama yangu. Si wewe njo ulinisomea?"

Aligawa mbegu. Mekundu, ya manjano, meupe na yale ya zambarau tuligawana nusu kwa nusu, niwe na kitu cha kupika. Ya mama alichukua yote. Alisema hayawezi kukaa katika hema, yanataka udongo mwaka huu ao yatakufa.

Asubuhi yule motari wa kofia ya sufu alikuja kumchukua, maana alikuwa anakwenda upande ule kuchukua jibini za bosi wake. Alimpandisha taratibu, akamwambia, "Koko, unishike kiunoni kama bwana yako." Koko akamjibu kwamba bwana yake alikuwa na kiuno, hii ni fimbo. Watu waliokuwa karibu walicheka. Mimi nilishika mguu wake.

"Koko, ile mwisho nilikusomea."

"Mwisho gani?"

"Ya bale bazee."

"Eh?"

Pikipiki ilikuwa tayari inanguruma. Alikuwa ananiangalia kutoka juu, amefurahi. Sikuwa nimemwona hivyo tangu tufike Mweso.

"Hapana kitu," nilisema. "Ufike muzuri."

Mara tatu nilipata habari zake, zote kwa mdomo wa motari. Ya kwanza: nyumba iko, mlango uko, mabati hayako, analala jikoni. Ya pili: amepanda, na waliopo sasa ni ba chumvi, maana wanazunguka kila nyumba kuomba chumvi, hawana ubaya, mmoja alimsaidia kusimika miti ya kupandishia maharagi. Ya tatu: maharagi yametoa maua. "Na anasema," motari aliniambia akikwaruza tope kwenye gurudumu, "nikuambie bazee habakamatwake. Nilimuuliza njo nini ile, akasema wewe unajua."

Nilijua. Nilikaa na kurasa zangu magotini, nikazipanga upya kuanzia wale wa mawe makubwa mpaka bendera ya leo, mara kumi na zaidi, kama mtu ambaye akizipanga vizuri atakuta kile kipande kilichopotea. Mama wa mandazi nilimuuliza kama anakumbuka aliyemfungia. Alisema, "Dada, mimi nakumbuka wenye hawakulipa tu."

Kabla ya mavuno njia ilifungwa. Waliokuwa kule walipigana na wengine wapya, na vita ikashuka mpaka Mweso. Kambi yote iliondoka siku moja. Motari wa kofia ya sufu sikumwona tena. Mimi sikuweza kwenda upande wa kilima chetu, kwa sababu watu wote walikuwa wanatoka huko. Nilikwenda walikokwenda wote, upande wa Pinga, halafu ndani ya msitu, mpaka Walikale, ambako baba yangu alikuwa anakaa.

Baba alikwenda Bisie nikiwa mdogo, kuchimba mawe ya kasiterite, madini ya bati, wakati kila mwenye nyundo alikuwa anaruhusiwa kushuka shimoni. Kampuni ilipokuja na mashine zake, wachimbaji kama yeye walitolewa. Hakurudi Masisi. Alioa kule, mke akafariki, akabaki na shamba la mihogo lililochongwa msituni. Watu wa pale walimpokea vizuri, ingawa wanamcheka kwa sababu anaogopa mto. Nilimkuta amezeeka. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Na mama yangu?"

Nilimwambia alirudi kilimani kupanda. Sikumwambia kwa nini.

Walikale hakuna upepo. Miti inasimama imekuzunguka, mvua inanyesha, nguo hazikauki, na kurasa zangu zilianza kutoa ukungu wa kijani. Niliwauliza wote waliofika kutoka upande wetu habari za Koko. Mmoja alisema kilima chetu hakina mtu. Mwingine alisema aliona moshi. Nilichagua moshi.

Siku moja ya soko, mwezi wa pili, nilikuwa nimepeleka unga wa mihogo. Nikapita penye mama mmoja aliyekuwa na beseni la maharagi. Kule maharagi ni kitu cha milimani, yanafika mgongoni mwa watu, na yana bei. Sikuwa na nia ya kununua. Niliangalia tu, kama unavyoangalia mtu wa kwenu.

Mekundu makubwa. Ya manjano. Meupe machache. Yale ya mistari ya zambarau.

Niliinama. Mwanzoni ilikuwa furaha. Nikafikiri, amevuna. Koko amevuna, ameuza, yuko mzima. Niliingiza mkono katika beseni, nikageuza, na kutoka chini yakaja meusi, madogo, yenye mdomo mweupe. Si moja, si mawili yaliyosahauliwa na macho ya mzee. Yalikuwa mengi. Yote yalikuwa humo.

"Dada, toa mukono. Unanunua?"

"Mama, hii maharagi imetoka wapi?"

"Masisi. Si unaona mwenyewe."

"Masisi wapi?"

"Unanunua ao unafanya anketi kama polisi?"

"Ninanunua. Lakini niambie nani alikuuzia."

Alinitazama, akalegeza sauti. "Mimi nilichukua kwa batu ba Pinga. Bao bachukua kwa baaskari. Baaskari, sijue."

"Habakusema ya nani?"

"Gunia haisemake, dada."

Nilinunua makopo mawili, unga wangu wote ulikwenda pale. Sikumweleza. Ningesemaje? Kwamba mwenye maharagi haya asingekubali kuuza, hata kwa njaa, hata kwa kupigwa? Kwamba mkono uliomwaga gunia hili haukujua kuchagua, na mkono unaojua kuchagua haukuwepo, ao ulikuwepo ukishikiliwa? Mama wa watu alikuwa na biashara yake. Aliniongezea kiganja kimoja juu ya kopo, kwa huruma ya kitu asichokijua.

Nyumbani niliyatandaza juu ya mkeka mbele ya baba. Hakuuliza. Ni mtoto wa kilima kile, alisoma mwandiko. Alichukua moja jeusi, akaliweka kwenye kiganja.

"Ya mama," alisema.

Hapo njo nilimwambia yote. Nilileta karatasi, nikamsomea Kifaransa na kumpa Kiswahili: kisiwa kidogo, meli, ngome, wazee ambao hakuna mtu angewanunua. Nilipofika penye mkato nilisimama.

"Halafu?"

"Papa, hapa imekatika. Halafu niliitunga mimi."

Nikamwambia nilichotunga, na kwamba Koko aliniomba nirudie siku tatu, na kwamba nilishika mguu wake penye pikipiki na sikusema.

Mvua ilikuwa inaanza juu ya majani ya paa. Baba alipitisha kidole kwenye ukingo wa karatasi, pale ilipochanwa, kama mtu anayepapasa ukali wa panga.

"Mama hakukuwa mutu wa kudanganywa na karatasi," alisema. "Alikuwa nataka kwenda. Wewe ulimupa maneno tu."

Nilianza kulia. Aliniacha nilie. Halafu, bila kunitazama, akasema, "Lakini ungemuambia."

"Ndiyo, Papa."

"Ungemuambia. Angekwenda tu, lakini angekwenda akijua."

Tulichagua ya mama, yeye upande huu wa mkeka, mimi upande ule, mpaka giza lilipoanza. Yaliyobaki, baba alisema tupike, na tulipika, na hakuna aliyemaliza sahani yake.

Meusi nimepanda nyuma ya nyumba, si yote. Majirani walituambia maharagi ya milima hayapendi udongo wa pale, joto ni jingi na maji ni mengi. Walisema kweli. Mengi yalioza chini. Machache yalitoka, yakapanda miti niliyosimika, majani yake ni ya manjano kuliko inavyofaa. Yaliyobaki nimeyafunga katika kitenge. Sijui yatakaa muda gani. Koko alisema yanataka udongo ao yatakufa, na yeye kuhusu maharagi hakuwahi kutunga.

Mpaka leo sijapata mtu aliyemwona, hai wala vinginevyo. Waliopo kilimani sasa ni wengine tena, na sijui wanakula nini, kwa hiyo sina jina la kuwaita.

Mwalimu mmoja wa Walikale yuko na simu nzuri. Siku moja, tukipanda penye mtandao, aliniambia anaweza kunitafutia mwisho wa ile habari, wazee wa Gozo walifanyaje. Alikwisha kuandika neno la kwanza. Nilimwomba anipe simu, nikaishika, kioo kinazungusha kile kiduara chake, mtandao unakuja na kukatika. Halafu nikamrudishia kabla ukurasa haujafunguka.

Jioni mojamoja baba ananiomba nimsomee kisiwa. Ninamsomea tangu wale wa mawe makubwa. Nikifika kwa ndege mmoja wa kuwinda anacheka kidogo, kwa sababu nilimwambia lile jibu la kuku kumi na mbili. Nikifika kwenye karatasi ya mafuta ninasoma mpaka wazee waliachwa, na ninaishia hapo. Yeye naye haulizi. Mvua inanyesha, na anainuka kwenda kuangalia kama ile miti ya maharagi bado imesimama.